Ati kamera ya Thailand si original? Jibu kwa kijana wa Wete

Waalaykum salaam mdogo wangu. Suali lako nalirudia kwa ufupi ili na mwengine akisoma afahamu tunazungumza nini. Unapiga picha za harusi huko Wete, umevuka kuja Unguja kutafuta kamera, ukaingia duka moja Darajani ukaoneshwa mbili za mkono wa pili, zote Nikon zote bodi tupu bila lensi, D700 ilioandikwa chini Made in Japan na D750 ilioandikwa Made in Thailand. Muuzaji anataka milioni moja na laki tatu kwa ile ya Japani na milioni moja na laki moja kwa ile ya Thailand, na sababu alokupa ni kuwa ya Japani ndo original, ya Thailand ni kama kopi, wamepewa watu wengine waitengeneze. Unauliza kama kweli nchi inabadilisha ubora wa kamera na kama uzitoe hizo laki mbili za juu.

Usizitoe. Na ntakwambia kwa nini, lakini vuta subira kidogo maana nataka ulifahamu jambo hili mpaka ndani yake, kesho utanunua lensi keshokutwa flashi na maneno haya haya utaambiwa tena. Mie nafungua kamera na napiga harusi hapa mjini mwaka wa kumi na nane huu, na sijaona neno linalowatoa vijana wetu pesa bure kama hili la "ya Japani".

Tuanze na hiyo lebo yenyewe. Made in inakwambia kamera imekamilishwa wapi, yaani pale vipande vyote vilipofika mezani vikaunganishwa, zikafungwa skrubu, ikapimwa fokasi, ikapimwa rangi, ikatiwa boksini. Bas. Haikwambii sensa, kile kidude cha ndani kinachopokea picha, imetoka wapi, wala vioo, wala nani alieichora hiyo kamera, wala nani alieweka kiwango kwamba hii inapita na hii inarudi. Nikon wanazichora kamera zao Japani, iwe ilifungwa Sendai, Japani, au iwe ilifungwa Thailand, michoro ni ile ile na kipimo cha kupita ni kile kile. Vioo vya lensi zao vingi vinayeyushwa na kampuni yao wenyewe ya Hikari Glass kule Akita, Japani. Sensa za kamera zao nyingi zinatengenezwa na Sony, na Sony ana kiwanda cha sensa Kumamoto, tena Japani, na tetemeko lilipopiga Kumamoto Aprili 2016 kiwanda kile kikasimama na makampuni mengine kabisa nayo yakachelewesha kamera zao, ndo watu wengi wakajua siku hio kumbe kamera ya jina hili ndani ina jicho la jina jengine. Kwa hiyo vipande vya kamera moja vinaweza kutoka nchi mbali mbali kabla haijapigwa hiyo lebo ya chini, na lebo inataja ya mwisho tu.

Halafu kuna mchanganyo mmoja wa kwetu sisi wenyewe. Sisi tumezoea gari ya Japani, friji la Japani, baiskeli ya Japani, yaani kitu kilichotumiwa na Mjapani kikatunzwa kikashushwa bandarini bado kizima. Hapo tunasifu mtumiaji wa mwanzo, hatusifu kiwanda! Na kweli mtumiaji wa mwanzo ana maana kubwa sana, nitafika huko. Lakini "imetoka Japani" na "imetengenezwa Japani" ni vitu viwili mbali mbali. D750 ilofungwa Thailand inaweza kuuzwa dukani Tokyo, ikatumiwa na mzee mmoja Tokyo miaka minane anapiga maua tu, ikaja Zanzibar. Na D700 ilofungwa Sendai inaweza kuuzwa Dubai, ikapigishwa harusi mia tatu kwenye jua na vumbi, ikaja Zanzibar. Ipi kati ya hizo mbili ndo "ya Japani"? Muulize muuzaji hilo, kwa upole, usikie atajibu nini.

Sasa hilo neno kopi. Hapo amekosea kabisa na sitaki ulibebe ukaenda nalo Pemba. Kiwanda cha Thailand si cha mtu baki aliepewa tenda, ni cha Nikon wenyewe, kipo Ayutthaya, kaskazini ya Bangkok, na kipo tokea 1990. Kuna watu mle wamefunga kamera miaka thalathini na zaidi, mtu kaingia kijana katoka na mvi. Ukitaka kujua uzito wa kiwanda kile angalia ilichotokea Oktoba 2011, mafuriko makubwa yaliingia Ayutthaya, kiwanda kikazama maji, na dunia nzima Nikon za kati na za bei nafuu zikaadimika madukani, na Sony nao kiwanda chao cha kamera kilikuwa huko huko Ayutthaya kikasimama, kamera yao mpya wakati ule NEX-7 ikachelewa kutoka. Kopi haiwezi kuisimamisha kampuni namna ile.

Na si kamera ndogo tu. D300 ya mwaka 2007, kamera walobeba waandishi wa habari, Thailand. D500, Thailand. D850 ya 2017, ambayo mpaka leo ukimkuta nayo mpiga picha wa hoteli kule Nungwi anaiweka kama mboni ya jicho lake, Thailand. Mwaka 2021 Nikon wakauhamisha hata ufungaji wa D6, kamera yao kubwa kuliko zote za kioo cha ndani (DSLR), kutoka Sendai kwenda Thailand, na Z9 ilotoka mwaka huo huo, kamera yao ya juu kabisa katika zile zisizokuwa na kioo hicho, lebo yake Made in Thailand. Sasa kama Thailand ni kopi, original imebaki wapi?

Lakini nisikwambie kuwa watu waloamini hivi ni wajinga, hapana, walikiona kitu cha kweli wakakipa sababu sio. Miaka mingi Nikon walikuwa wanazifunga kamera kubwa kubwa Sendai, D3, D4, D5, na D700 yako hiyo imo, na zile za wanafunzi na za kuanzia, D3100, D5100, wanazifunga Thailand. Mtu akishika D4 anaona zito, limejaa mkononi, vitufe vimeziba kuzuia maji, kisha anashika D3100 anaona plastiki jepesi, anageuza chini anasoma Thailand, bas anakata shauri hapo hapo. Hakuona kuwa moja ni ya mamilioni na moja ni ya malaki. Alichokishika ni daraja. Shata, lile pazia linalofunguka na kufunga kila ukipiga picha, ya D5 imepimwa kwa mapigo 400,000, ya D3100 mapigo 100,000, na hio si kwa sababu Mthai hajui kufunga shata, ni kwa sababu kampuni ilikaa Japani ikaamua kamera ya bei hii tunaitia shata ya namna hii. Siku walipoamua kuitia D850 bodi ya magnesiamu na shata ya 200,000 na raba za kuzuia vumbi kila pahala, Mthai huyo huyo akaifunga, na ikasimama.

Wewe mtu wa Pemba ntakuekea kwa karafuu. Karafuu inapopelekwa kituoni haiulizwi imetoka Wete au Mkoani au Micheweni. Inaangaliwa. Imekauka sawa sawa? Ina makonyo? Ilinyeshewa ikiwa kwenye mkeka? Ililundikwa mbichi ikavunda? Kisha ndo inapewa daraja la kwanza, la pili, la tatu. Mti mmoja, shamba moja, mwenye shamba mmoja, anaweza kupeleka daraja la kwanza mwezi huu na la tatu mwezi ujao kwa sababu mvua ilimkuta. Kamera ni hivyo hivyo.

Na ukitaka ushahidi wa kiwandani angalia makosa makubwa yalotokea, maana kosa linaonesha ukweli kuliko sifa. Mwaka 2012 Nikon walitoa kamera mbili, D800 ilofungwa Sendai na D600 ilofungwa Thailand. D600 ikawa inamwaga madoa ya mafuta na vumbi kwenye sensa, malalamiko yakawa mengi mpaka 2013 wakatoa D610 yenye shata mpya, na Februari 2014 wakatangaza kuzisafisha D600 bure na kubadilisha shata bure. Watu wa "Thailand mbovu" wakapata la kusema. Lakini D800 ile ya Japani, mwaka ule ule, nyingi zilitoka na nukta za fokasi za upande wa kushoto zinapiga picha zisizokuwa kali, ya katikati sawa ya kushoto hovyo, na watu wakawa wanazirudisha kurekebishwa. Viwanda viwili, nchi mbili, mwaka mmoja, makosa mawili. Canon walitoa EOS-1D Mark III mwaka 2007, kamera ya juu kabisa ya wapiga picha wa mpira, Made in Japan, fokasi yake ikawa na tatizo mpaka Canon wakaziita kurekebisha kioo kidogo cha ndani. Canon 5D ya mwanzo, Japani, ilikuwa kioo chake kinabanduka kikadondoka ndani, wakawa wanarekebisha bure.

Na kuna moja ambayo sisi watu wa visiwani inatuhusu khasa. Leica M9, ya 2009, Made in Germany, kamera ambayo bei yake unaweza kununua kiwanja. Sensa yake ilikuwa na kigae cha kioo juu yake ambacho kikishapata unyevu kinaliwa taratibu, kinafanya vidoa kama kutu, na Leica wenyewe wakabidi wabadilishe sensa za watu kwa gharama yao. Sensa ile ilikuwa ya Kodak, Mmarekani. Haya niambie, kosa lile la Mjerumani au la Mmarekani? Hali ya hewa haikuuliza.

Zamani wazee wetu walokuwa na kamera walitaka ya Mjerumani, na kitu cha Japani kilikuwa kinaonekana cha rahisi rahisi, cha kuiga. Hii si Zanzibar tu, ilikuwa dunia nzima. Baada ya vita vikuu vya pili kamera za Japani zilikuwa zinadharauliwa vile vile kama wengine wanavyodharau leo za China, mpaka mwaka 1950 mpiga picha wa gazeti la Life, David Douglas Duncan, akiwa Tokyo akazijaribu lensi za Nikkor akaziona kali, akaenda nazo kwenye vita vya Korea, na picha zake zikawafanya Wamarekani wageuke kuangalia. Na Wajapani wenyewe walijua jina lao bovu, mwaka 1954 wakaanzisha taasisi ya kukagua kamera kabla hazijasafirishwa nje, ndo ile stika ndogo ya dhahabu yenye umbo la yai ilioandikwa PASSED, ukikuta kamera kongwe kwenye duka la vitu vya kale pale Mji Mkongwe utaiona bado imeganda. Ukaguzi ule ulikwenda mpaka 1989. Yaani sifa ya Japani haikushuka na mvua, ilitengenezwa kwa ukaguzi, kamera moja moja. Na ukaguzi unaweza kufanywa popote palipo na mtu anaejali, Thailand, Taiwan, Malaysia, popote.

Kampuni nyengine nazipitia haraka tu usije ukakwama dukani. Canon wana kiwanda Taiwan tokea 1970 na kikubwa cha Oita Japani, na ile lensi ndogo ya 50mm f/1.8 STM ambayo kila mpiga harusi hapa anayo inatoka Malaysia. Nikon 50mm f/1.8G inatoka China, na ni katika lensi nzuri kabisa za kupigia picha za uso utakazozipata kwa pesa yako. Sony wanafunga Thailand na China. Fujifilm X100V ilikuwa Japani, iloifuatia X100VI ya 2024 ni China, na watu waliigombania mpaka ikakosekana. Olympus walikuwa Shenzhen wakahamia Vietnam 2018. Na hio Leica yenyewe ina kiwanda Ureno tokea 1973, kazi nyingi inafanywa kule kisha inamaliziwa Ujerumani.

Sasa nikwambie pale ambapo nchi inakuwa na maana, maana ipo, lakini sio pale anapokuonesha muuzaji.

Ya kwanza ni nchi ilikouzwa. Kamera nyingi za Sony zilizouzwa kwa soko la Japani menyu yake ni Kijapani kitupu, hakuna pahala pa kubadilisha, na hapa mjini nimeshaletewa na vijana wawili watatu wanalia wamenunua kwa bei nzuri wakijua watabadilisha lugha nyumbani. Kamera zile zinaweza kuwa zimefungwa Thailand lakini ni za soko la Japani. Kwa hiyo kamera yoyote washa, ingia kwenye menyu, tafuta lugha, kabla hujatoa hata shilingi. Vile vile Canon jina linabadilika kwa soko, EOS 2000D ya Ulaya ndo Rebel T7 ya Marekani ndo Kiss X90 ya Japani, kamera moja hio hio, usije ukauziwa kuwa ya Marekani ni bora zaidi ya 2000D ukaongeza pesa kwa ajili ya jina. Na chaja usiogope, chaja nyingi za kamera zinakubali volti 100 mpaka 240, ni plagi tu ndo ya kuiwekea adapta.

Ya pili ni zile kamera zisizokuwa na ukoo, zinauzwa mitandaoni zimeandikwa 4K megapikseli 48 kwa laki mbili. Hizo nyingi zinatoka China, na zinawapa watu sababu ya kusema China mbovu, lakini ubovu wake ni kuwa ndani mna sensa ndogo kama ya simu ya zamani na picha inavutwa kwa programu mpaka ifike hizo namba. Aliamua hivyo mchoraji. Angezifunga Sendai zingekuwa mbovu vile vile. Hizo ziwache.

Ya tatu, na hapa ndo nataka ukae sana, nchi yenye maana kubwa kuliko zote kwenye maisha ya kamera yako ni hii hii yetu. Unyevu wa hapa, chumvi ya bahari, mchanga wa pwani, hivyo ndo vinaua kamera visiwani. Masika yanapoingia, Machi mpaka Mei, na vuli nayo, kuvu inaota ndani ya lensi, unaona kama utando wa buibui, kama nyuzi, na ikishaota sana inakula ile rangi ya juu ya kioo, hapo hata ukiisafisha alama inabaki. Niliwahi kuwa na lensi mbili za aina moja, sitaji kampuni, zote za Japani, zimenunuliwa siku moja, moja yangu na moja ya mwenzangu tuliokuwa tunapiga nae kazi. Yangu niliiweka kabatini ndani ya begi lake la ngozi, nikaona naitunza, masika yote sikuitoa. Mwenzangu yake aliitia kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana na vifuko vya silika. Masika yalipokwisha yangu imejaa kuvu mpaka katikati, yake safi kama siku ya mwanzo. Iliniuma sana, nilikuwa nimeisubiri lensi ile miezi kumi. Ngozi inashika unyevu na kabati la mbao linashika unyevu, kuvu inataka giza na unyevu na kutulia, na mie niliipa vyote vitatu.

Kwa hiyo nunua ndoo au boksi la plastiki la kubana sawa sawa, tia silika zile za rangi, zikibadilika rangi zikaushe kwenye jiko kwa moto mdogo uzirudishe, na tia na kipimo kidogo cha unyevu, kinauzwa bei ndogo, lenga asilimia 40 mpaka 50, ikipanda 60 na kuendelea ujue kuvu inakaribishwa. Usitumie mchele, mchele unatoa unga na unga unaingia kwenye lensi. Na kamera itumie, itoe nje ipate mwanga, kamera inayofanya kazi kila wiki haishikwi na kuvu kirahisi. Ukirudi pwani futa bodi kwa kitambaa kilichotiwa maji matamu kidogo tu kikakamuliwa sana, kisha kikavu. Haya yatakuongezea miaka mingi kuliko lebo yoyote.

Turudi kwenye kamera zako mbili. D700 ilitoka 2008, kamera nzuri, naiheshimu, bodi yake ngumu na rangi za ngozi inatoa vizuri. Lakini ina megapikseli 12, haina video kabisa, hata ya dakika moja, na bwana harusi wa leo atataka kipande cha video atie kwenye simu. Inatumia kadi za CF, tundu moja tu, kadi hizo Wete utazitafuta kwa tochi, na mle ndani ya tundu mna vipini vyembamba ukiingiza kadi kwa nguvu kimoja kikipinda kazi imesimama. Betri zake za EN-EL3e za zamani, nyingi zilizobaki sokoni ni feki zinazovimba. D750 ni ya 2014, megapikseli 24, video ipo, matundu mawili ya kadi za SD ambazo zipo kila duka la simu, kwa hiyo picha za nikaha unaziandika kadi mbili kwa pamoja, moja ikifa bibi harusi hajui. Kwenye ukumbi wenye giza inakamata fokasi pale ambapo D700 inaanza kutafuta tafuta. Ni nyepesi zaidi, na harusi zetu unazijua, unaanza mchana unamaliza usiku wa manane. Na shata? Zote mbili Nikon wamezipima kwa mapigo 150,000. Ya Japani 150,000, ya Thailand 150,000. Laki mbili za juu unalipia nini hapo?

Ila D750 nayo ina yake na sitakuficha. Julai 2015 Nikon walitangaza kuwa shata za baadhi yake zina kasoro, sehemu ya picha inatoka na kivuli, na baadae wakaongeza nambari nyengine kwenye orodha ile. Na kabla ya hapo kulikuwa na tatizo la mwanga wa ajabu juu ya picha ukielekea jua, zilizorekebishwa kwa hilo zilitiwa doti nyeusi ndani ya tundu la skrubu ya tripodi. Kwa hiyo usiichukue kwa sababu mie nimeisifu, ichukue kwa sababu umeipima. Nambari ya chini iandike, itafutie kwenye ile orodha ya Nikon. Nenda na lensi yako na kadi yako. Piga picha mfululizo kama mia, kwa spidi za juu, 1/2000 na 1/4000, angalia kama kuna moja ina kivuli upande. Weka f/16, fokasi ya mkono, piga ukuta mweupe au mbingu, ukuze picha uangalie madoa. Piga kwa nukta ya fokasi ya kushoto, ya katikati, ya kulia, kitu kimoja kilichotulia, ulinganishe ukali. Pitisha kidole kwenye raba zote, kama zinabanduka au zinanata ujue imekaa joto. Fungua mlango wa betri, angalia kutu ya kijani kwenye vile vibati, kutu hapo ni bahari imeingia, iwache hata akikupa nusu bei. Na lensi yoyote utakayonunua ilenge tochi ya simu kutoka nyuma, fungua tundu lake lote, uangalie ndani kwa pembeni, nyuzi za kuvu zitajitokeza.

Hayo yote nusu saa. Muuzaji akikukataza kupima, ondoka, na hata akikataa kwa ucheshi na chai ya tangawizi, ondoka.

Kitu kimoja nakuomba unitumie kabla hujalipa. Piga picha moja kwa hiyo D750, JPEG, kisha nitumie faili lile lile lilotoka kwenye kadi, kwa barua pepe au kama dokumenti, usinitumie kama picha ya WhatsApp maana WhatsApp inazifuta taarifa zote za ndani ya faili. Mle ndani Nikon inaandika kamera imeshapiga mapigo mangapi. Ikiwa ipo chini ya elfu sitini mpe milioni moja taslimu umwambie ndo ulonayo, ikiwa imepita laki moja na ishirini mwambie laki saba, na ikiwa boti yako ya Pemba ni kesho asubuhi nitumie leo kabla ya isha nikujibu.